Hans Cory na Uchunguzi wa Imani Usukumani

Wanachuo wengi wanaomaliza mafunzo ya ualimu hupangwa kufundisha katika vijiji ambavyo si vya kwao. Atakayepelekwa Kimali, mkoani Simiyu, atawakuta watoto waliovaa hirizi shingoni, wazazi wenye desturi maalumu wanapozaliwa mapacha, na wazee wanaojua dawa ya nyoka. Huenda pia akasikia bibi wa mwanafunzi wake akinong'onwa kuwa ni mchawi. Mambo hayo hayamo katika muhtasari wa masomo, lakini yamo katika vichwa vya watoto anaowafundisha, na mwalimu asiyejua namna ya kuyatazama atafanya mojawapo ya makosa mawili: atayacheka, au atayaogopa.

Iko elimu inayoshughulika na mambo hayo. Ni anthropolojia, yaani elimu ya binadamu na desturi zake. Wataalamu wake wamechunguza dini, matambiko na imani ya mambo yasiyoonekana katika pande zote za dunia, na baadhi yao walifanya kazi yao hapa kwetu. Katika makala haya tutaeleza maisha ya mmoja wao, Hans Cory, aliyefanya sehemu kubwa ya uchunguzi wake miongoni mwa Wasukuma na jirani zao. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, aligundua kwamba mengi ambayo wageni waliyaita ushirikina yalikuwa ndani yake mafunzo yaliyopangwa kwa utaratibu, na jambo hilo linamhusu mwalimu moja kwa moja. Pili, maisha yake yanatuonya juu ya madaraka ya mtu anayeandika habari za watu wengine.

Kutoka Vienna hadi Tanganyika

Hans Cory alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, mwishoni mwa karne ya 19. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Hans Koritschoner, na kwa jina hilo ndiyo alijulikana katika miaka yake ya mwanzo ya kuishi Afrika ya Mashariki. Kabla ya kuajiriwa na serikali kwa kazi ya uchunguzi aliishi Tanganyika kwa miaka mingi akijipatia riziki kwa kazi nyingine, ikiwamo kazi ya mashamba ya mkonge. Kwa hiyo alizifahamu ngoma, nyimbo na desturi za wafanyakazi waliotoka makabila mbalimbali kabla ya kulipwa hata senti moja kwa ajili ya kuziandika.

Katika safari ya uwindaji ya mwaka 1933 hadi 1934, mwandishi maarufu wa Marekani, Ernest Hemingway, alikutana naye nchini Tanganyika. Mwaka 1935 Hemingway alitoa kitabu juu ya safari hiyo, na ndani yake yumo Mwaustria aitwaye Kandisky, ambaye lori lake limeharibika njiani na ambaye hupenda zaidi kuzungumza juu ya vitabu na ngoma za wenyeji kuliko juu ya kuua wanyama. Kandisky huyo ndiye Koritschoner. Basi wakati ambapo wazungu wengi waliokuja nchini walitafuta pembe na ngozi, yeye alikuwa akikusanya maneno.

Matunda ya ukusanyaji huo yalionekana mwaka 1936. Mwaka huo jarida la taasisi ya kifalme ya anthropolojia ya Uingereza lilichapisha makala yake juu ya ngoma ya shetani, yaani ngoma inayochezwa kwa ajili ya mgonjwa anayesadikiwa kupandwa na pepo. Wamisionari na maofisa wengi wa wakati ule waliziona ngoma za namna hiyo kuwa makelele ya usiku ya kupigwa marufuku. Koritschoner alizitazama kama tiba ya maradhi ya nafsi, na hata katika kichwa cha makala yake aliziita hivyo.

Yafaa tutue kidogo katika hatua hiyo, maana ndiyo msingi wa kazi yake yote ya baadaye. Hakuanza kwa kuuliza kama pepo wapo au hawapo. Mchunguzi hana kipimo cha kulijibu swali hilo, na hata akilijibu, atakuwa hajaeleza lolote juu ya ngoma yenyewe. Aliuliza maswali yanayoweza kujibiwa: Mgonjwa ni nani? Nani humtambua pepo, na kwa njia gani? Ngoma huanza lini na huishaje? Nani hugharimia? Mgonjwa huwa katika hali gani baada yake? Maswali haya yana majibu ambayo mtu mwingine anaweza kwenda kuyahakikisha. Hiyo ndiyo tofauti baina ya uchunguzi na porojo.

Usukumani

Baadaye alibadili jina akawa Hans Cory, na katika miaka ya 1940 alikuwa akiifanyia kazi serikali ya Tanganyika kama mtaalamu wake wa elimu-jamii. Mwaka 1945 kilitolewa kitabu juu ya sheria za kimila za Wahaya alichokiandika pamoja na M. M. Hartnoll. Lakini Usukumani, kusini na mashariki ya Ziwa Viktoria, ndiko alikofanya kazi yake iliyo pana kuliko zote. Nchi ya Bariadi na Meatu, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Simiyu, wakati ule ilikuwa ndani ya Wilaya ya Maswa.

Mwaka 1944 alichapisha maelezo ya sherehe za mapacha, ambazo Wasukuma huziita mabasa. Kuzaliwa kwa mapacha kulihesabiwa kuwa tukio lisilo la kawaida, lenye heri na hatari kwa pamoja. Wazazi walipaswa kufanyiwa taratibu maalumu, na katika sherehe hizo ziliimbwa nyimbo zenye maneno ambayo siku nyingine yangekuwa aibu kuyatamka mbele za watu. Mgeni aliyepita njiani akazisikia angesema kwamba watu hawa hawana adabu. Cory alionyesha kwamba maneno yale yaliruhusiwa siku ile tu, kwa watu wale tu, kwa sababu ile tu. Kumbe sherehe yenyewe ilikuwa ushahidi kwamba adabu ipo: mlango ambao daima u wazi hauhitaji siku maalumu ya kufunguliwa.

Mwaka 1946 alieleza habari za chama cha Wayeye, watu wanaoshika nyoka. Usukumani kulikuwa na vyama vingi vya ngoma na vya siri, na kila kimoja kilikuwa na viongozi, ada, dawa na mashairi yake. Wayeye waliwajua nyoka na dawa za kutibu walioumwa, na hata hivi leo mtu aonapo ngoma ya nyoka katika sherehe za wakati wa mavuno anaona tawi la mti huo wa zamani. Nchi ya Usukuma ina nyoka wengi wenye sumu, na mkulima hutembea miguu mitupu katika majaruba na mashamba ya pamba. Kwa hiyo elimu ya Wayeye ilikuwa na manufaa ya kila siku. Ilifungwa ndani ya siri na kiapo, lakini ilikuwa elimu.

Mwaka 1953 ikafuata kazi yake ambayo sisi tunaofunza walimu hatuna budi kuipa uzito, nayo ni kitabu juu ya picha zilizochorwa katika kuta za nyumba za chama hicho. Katika nyumba ambamo wanachama wapya waliingizwa, kuta zilipambwa kwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Palikuwa na nyoka, palikuwa na watu na wanyama, na palikuwa na wahusika wa hadithi za asili ya chama. Mtu asiyeuliza angedhani kwamba hayo ni mapambo, au kwamba ni sanamu za kuabudiwa. Cory aliuliza, akaelezwa maana ya picha moja baada ya nyingine. Picha zile zilikuwa za kufundishia. Mwanachama mpya alielezwa habari za kila moja, naye alitakiwa kuzifahamu. Kwa lugha ya chuo chetu, zile zilikuwa zana za kufundishia, na nyumba ile ilikuwa darasa.

Masomo katika udongo

Jambo hilo hilo alilikuta upande mwingine wa nchi, na huko ushahidi wake ni mwingi zaidi. Katika miaka ya 1947 na 1948 alichapisha maelezo marefu juu ya jando, na mwaka 1956 kikatoka kitabu chake juu ya sanamu ndogo za udongo zilizotumika katika unyago na jando, hasa katika makabila ya kaskazini-mashariki kama vile Wazigua na Wasambaa. Sanamu nyingi kati ya hizo alizozikusanya zilihifadhiwa katika makumbusho ya Dar es Salaam, ambayo leo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa.

Sanamu hizo zilikuwa za watu, wanyama, vyombo vya nyumbani na vitu vingine visivyotambulika kwa urahisi. Wageni wengi walioziona waliziita miungu ya kishenzi. Cory alionyesha kwamba hazikuabudiwa hata kidogo. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake. Kungwi aliinua sanamu, wimbo ukaimbwa, kisha mwari akafundishwa maana ya wimbo ule: namna ya kuishi na mke au mume, heshima kwa wakwe, hatari ya uvivu, ubaya wa uzinzi, malezi ya mtoto.

Ndugu mwanachuo, hebu tuuchambue utaratibu huo kwa kutumia yale tunayojifunza katika somo la mbinu za kufundishia. Kuna kitu cha kuonwa na kushikwa. Kuna wimbo mfupi unaokaa katika kumbukumbu. Kuna fumbo linalomlazimisha mwanafunzi kufikiri kabla ya kupewa jibu. Kuna marudio. Kuna somo moja kwa zana moja, na masomo hupangwa kwa kufuatana. Huenda tukadhani kwamba mambo hayo yameletwa na vitabu vya ualimu kutoka ng'ambo, lakini makungwi waliyatumia bila ubao wala chaki.

Hatusemi kwamba kila kilichofundishwa unyagoni chafaa kufundishwa leo. Yapo ambayo yalimdhalilisha mwanamke, na yapo yaliyomwozesha binti kabla hajakomaa. Tunachosema ni kwamba mtu hawezi kulipima somo kabla ya kutambua kwamba ni somo. Aliyeita sanamu zile miungu alishindwa hata kulifikia swali la kama mafunzo yake yalikuwa mema au mabaya.

Dawa na swali la kwa nini

Katika mwaka 1949 Cory alichapisha uchunguzi juu ya vitu vinavyotiwa katika dawa za waganga. Katika tiba za Wasukuma dawa huwa na sehemu mbili. Iko mizizi, majani na magamba ya miti. Na kiko kitu kingine kidogo kinachoongezwa, ambacho Wasukuma hukiita shingila, kinachosadikiwa kuipa dawa mwelekeo. Kitu hicho huchaguliwa kwa mfano wake: jina lake, umbo lake au tabia yake hufanana na jambo linalotakiwa litokee. Hapa tena panatakiwa macho mawili. Jicho moja litazame mti, ambao huenda una nguvu za kutibu zinazoweza kupimwa katika maabara. La pili litazame mfano, ambao hauna nguvu hizo lakini unatueleza mgonjwa anaogopa nini na anatamani nini.

Ili tulielewe jambo hili vizuri zaidi, na tumtaje mtaalamu mwingine. E. E. Evans-Pritchard, Mwingereza aliyefariki mwaka 1973, aliishi miongoni mwa Waazande wa Sudani ya kusini, akatoa kitabu juu ya uchawi wao mwaka 1937. Mfano wake uliosifika ni wa ghala la nafaka. Siku za jua kali watu huketi chini ya ghala kupata kivuli. Siku moja ghala linaanguka na kuwaumiza. Waazande wanajua vyema kwamba mchwa ndio waliokula nguzo. Wanajua pia kwamba watu waliketi pale kwa ajili ya jua. Wanachouliza ni hiki: kwa nini ghala liliangukia wakati ule, na kwa nini juu ya watu wale? Jibu lao ni uchawi.

Mfano huo una thamani kubwa kwa mwalimu wa Kimali. Mtoto akisema kwamba mdogo wake alikufa kwa kurogwa, huenda tayari anajua kwamba alikuwa na malaria. Somo la sayansi juu ya mbu na vimelea linajibu swali la namna gani. Mtoto anauliza kwa nini mdogo wangu na si mtoto wa jirani. Mwalimu akirudia somo la mbu kwa sauti kubwa zaidi atakuwa hajajibu, na mtoto ataandika jibu la mbu katika mtihani huku akibaki na jibu la uchawi moyoni. Mwalimu mwenye busara hulitambua swali la pili, hueleza waziwazi kwamba sayansi haioni mtu wa kulaumiwa, kisha huonyesha yale ambayo kweli yanawatofautisha watoto wawili: chandarua, umbali wa zahanati, saa walizochelewa kwenda kutibiwa, chakula, na pia bahati isiyo na mwenyewe.

Tukisema hivi hatuchezi na maneno. Usukumani, tangu miaka ya 1970, wanawake wazee waliouawa kwa kutuhumiwa uchawi wanahesabika kwa maelfu. Wengi walitambuliwa kuwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo yalitokana na miaka mingi ya kupika katika moshi wa kuni na samadi. Tangu miaka ya 2000 Kanda ya Ziwa ilishuhudia pia mauaji ya watu wenye ualbino kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikataza tuhuma na vitendo vya uchawi, lakini sheria pekee haikulizima swali la kwa nini. Mauaji huanza na jibu baya la swali hilo, na mtoto hulisikia jibu hilo nyumbani kabla hajafika darasa la kwanza.

Kalamu iliyogeuka sheria

Tusimsifu Cory kupita kiasi. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Serikali hiyo ilitaka kujua mila kwa sababu ilitawala kupitia watemi. Mwaka 1951 kilitoka kitabu chake juu ya taratibu za jadi za mtemi wa Kisukuma. Ndani yake mtemi anaonekana kuwa zaidi ya mtawala: yeye ndiye aliyebeba dhamana ya mvua, mbegu na afya ya nchi, na maisha yake yalizungukwa na miiko tangu kusimikwa hadi kuzikwa. Mwaka 1953 kikafuata kitabu juu ya sheria na mila za Wasukuma, na mwaka 1954 kingine juu ya utawala wao wa jadi, pamoja na mapendekezo ya kuubadili. Hapo mchunguzi amekwisha kuwa mshauri wa mtawala.

Njia yake katika kazi ya sheria ilikuwa kukutana na wazee na watemi, kuwauliza kanuni, kuziandika kwa namba, na kuzijadili nao. Ni njia safi kwa kutazama. Lakini tujiulize: waliokaa katika baraza lile ni nani? Walikuwa wanaume, wazee, wenye cheo. Aidha, mila iliyo midomoni mwa watu hupindika kwa kufuata haja. Wazee wakiketi juu ya shauri la mjane huyu wanaweza kumhurumia, na juu ya shauri la yule wakaamua vingine. Mila ikiandikwa chini ya namba, huruma hiyo hukosa mahali pa kukaa.

Baada ya Uhuru serikali iliamua kuunganisha sheria za kimila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, na Cory aliifanya kazi hiyo hadi karibu na mwisho wa maisha yake. Alifariki mwaka 1962. Mwaka uliofuata, 1963, kanuni hizo zilitangazwa kuwa sheria, na mwaka huohuo utawala wa watemi ukakomeshwa. Basi viti vya watemi viliondoka, lakini maneno yaliyotoka katika mabaraza yao yalibaki katika vitabu vya mahakama. Kwa mujibu wa kanuni hizo mjane hakuwa na fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na binti alirithi katika daraja la mwisho.

Miaka mingi baadaye matunda ya kalamu ile yalionekana. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza iliamua, katika shauri kutoka Uhaya, kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo. Lakini mwaka 2006 wajane wawili wa Kisukuma waliokwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni za urithi hawakupata nafuu, ingawa Mahakama yenyewe iliona kwamba kanuni hizo zina ubaguzi. Shauri lao lilifika mpaka katika kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo iliona kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Wanawake hao walikuwa wakishindana na kurasa zilizoandikwa zaidi ya miaka 40 kabla, katika mazungumzo ambayo wanawake kama wao hawakuwamo.

Tumesema hapo mwanzo kwamba maisha haya yanatuonya. Mtu yule yule aliyeziokoa picha za Wayeye na sanamu za makungwi zisidharauliwe, kwa kuwauliza wenyewe maana yake, katika sheria aliwauliza baadhi tu ya wenyewe. Alipowauliza watumiaji wa kitu, alipata ukweli wa kitu. Alipowauliza wenye madaraka tu, alipata mila kama wenye madaraka walivyopenda iwe.

Mwalimu na uchunguzi

Mwalimu wa kijijini naye ni mwandishi wa habari za watu, hata kama hachapishi kitabu. Huandika katika jalada la mwanafunzi na katika taarifa kwa mzazi, na neno lake hupewa uzito. Kwa hiyo twapendekeza utaratibu huu kwa mwanachuo atakayekwenda katika mazoezi ya kufundisha.

Mwalimu awe na daftari lenye safu tatu. Katika ya kwanza aandike alichokiona kwa macho yake. Katika ya pili aandike alichoelezwa, pamoja na aliyemweleza: mzee, mama, kijana au mtoto. Katika ya tatu aandike fikra yake mwenyewe. Safu hizi zisichanganywe. Aliyeandika kwamba mama fulani ni mchawi amechanganya safu zote tatu. Alichokiona ni macho mekundu, alichoelezwa ni uvumi, na fikra yake ni hofu.

Tena, kwa kila desturi awaulize watu wa aina zaidi ya moja, hasa wale ambao desturi hiyo inawagharimu. Juu ya mahari awaulize wasichana pamoja na baba zao. Juu ya urithi awaulize wajane pamoja na wakuu wa ukoo.

Hatimaye asiwalazimishe watoto kufichua siri za jando, unyago au vyama vya ngoma mbele ya darasa. Maarifa ya namna hiyo yana wenyewe. Badala yake, kwa idhini ya uongozi wa shule na ya kijiji, amwalike mzee kueleza yale anayoona yafaa kusemwa mbele ya watoto wote. Wenye uwezo wa safari wanaweza kulitembelea jumba la makumbusho la Wasukuma lililoko Bujora, karibu na Mwanza, ambako vifaa vya watemi na vya vyama vya ngoma vimehifadhiwa. Karatasi alizoziacha Cory, ambazo ni nyingi sana, zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwanachuo mwenye bidii anaweza siku moja kuzisoma akazilinganisha na mambo anayoyaona kijijini.

Lakini liko jambo moja ambalo halingojei ruhusa wala kikao. Mwalimu akisikia kwamba bibi wa mwanafunzi ametuhumiwa uchawi, kazi ya uchunguzi imekwisha na kazi ya kulinda maisha imeanza. Atoe taarifa siku hiyo hiyo kwa mwalimu mkuu, kwa ofisi ya kijiji na kwa polisi. Kuielewa imani ni wajibu wa mchunguzi. Kumwacha mtu auawe kwa sababu tumeielewa imani ya wauaji si uchunguzi tena.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja desturi moja ya kwenu ambayo mgeni anaweza kuidhania kuwa ibada, ilhali ni mafunzo. Zana zake ni zipi, na huandaliwa na nani?

2. Andaa somo la dakika 40 la sayansi kwa darasa la tano juu ya radi. Onyesha mahali ambapo utalitambua swali la kwa nini imempiga fulani, na namna utakavyolijibu bila kumdhihaki mtoto.

3. Cory angewauliza nani zaidi alipokuwa akikusanya kanuni za urithi? Eleza namna ambavyo majibu yao yangeweza kubadili yaliyoandikwa.